Saa Inayonisemea kwa Mama

Kwa Mjomba Salehe,
Mwenye duka la simu,
Maili Moja, Kibaha.

YAH: MALALAMIKO DHIDI YA SAA JANJA ULIYONIPA

Shikamoo Mjomba. Ninakuandikia badala ya kuja dukani kwa sababu dukani kuna watu, na mimi mbele ya watu, unanijua, hata jina langu nalisema kama naomba msamaha.

Saa ni nzuri, sikatai. Lakini uliiunganisha na simu ya Mama "ili dada awe na amani", na tangu siku ile nyumbani hakuna mwenye amani. Naweka namba usije ukasema nalalamika ovyo.

1. Saa haina siri. Jirani yetu Mama Lusajo anakodisha viti vya shughuli, na mwanawe Lusajo ndiye anayevisambaza kwa mkokoteni. Akipita getini akasema, "Mambo, Rukaya," mimi sijibu. Saa ndiyo inayojibu. Inamwarifu Mama kwamba moyo wangu unakwenda mbio. Mama anatoka jikoni na mwiko: "Una nini wewe? Ulikuwa unakimbia?" Nikasema ndiyo. Akatazama simu. Hatua: sifuri.

2. Nimenyweshwa rozela na bitiruti mpaka ulimi umekuwa zambarau. Hospitali hawakuona ugonjwa. Wangeuonaje, Mjomba, wakati Lusajo hakuwepo? Lakini hilo unamwambiaje daktari, Mama akiwa kiti cha pembeni?

3. Mama alirusha grafu ya moyo wangu kwenye grupu la ukoo. Bibi Tatu akajibu kwa sauti kutoka Msimbu: "Hiyo milima si ya kawaida. Mtoto asomewe." Kesho yake akashuka kwetu na kiroba cha mihogo.

4. Kisomo kinataka watu, na watu wanataka viti. Umeshaelewa viti vililetwa na nani. Nimekaa mkekani, ubani unafuka, Ustadhi Twalibu anasoma, Lusajo anapanga viti mlangoni, na Mama anatangaza anachosoma kwenye simu: "Mia na kumi! Mia na ishirini!" Ustadhi akasema, "Alhamdulillahi, dua imegusa penyewe, ongezeni sauti." Wakaongeza. Lusajo akaingia kuuliza kama kimepungua kiti. Mia na arobaini. Bibi akapiga vigelegele.

5. Kwa mafanikio hayo, Jumamosi kuna kisomo cha pili. Viti vimeshaagizwa. Mama si mjinga, Mjomba. Safari hii ataona milima inaanza pale mkokoteni unapoingia, na atanitajia jina la mtu mbele ya ukoo mzima. Mimi nitahamia Msimbu nikalime mihogo, shule basi.

Kuivua siwezi, maana nikiivua inanisemea kwamba nimeivua.

Hivyo naomba uje uichukue kabla ya Jumamosi, au uifundishe kusitiri. Ikishindikana, basi haki iwe sawa: ukoo mzima uvae. Mama avae akipita kwenye maduka ya vitenge pale Kwa Mathias. Na wewe uvae dada Bertha anapokuletea chai dukani. Halafu tukutane kwenye grupu, kila mtu na milima yake.

Nisalimie fundi Rama, wateja wote, na dada Bertha (taratibu).

Ni mimi mpwa wako, ninayekuheshimu na kukuogopa kidogo,
Rukaya
Kidato cha Tatu

N.B. Mjomba, nilipokuwa natafuta bahasha Lusajo alikuja kuulizia idadi ya viti. Mama alikuwa uani anaanua nguo. Lusajo akaomba aijaribu saa. Nikamvalisha. Mara simu ya Mama ikaanza kupiga kelele jikoni. Nikatazama kioo cha saa: mia na hamsini na mbili! Na amesimama tu!

Tafadhali usiichukue saa. Kisomo kiendelee. Nimeshamwambia Mama viti havitatosha, aongeze.