Leza Yangu na Inzi wa Ndalahwa

Jumatatu, 12 Aprili 1999

Taifa lijulishwe, na vizazi vijavyo viweke kumbukumbu: leo saa nne asubuhi, hapa Igogo, nimenunua kalamu ya leza. Nyekundu. Betri zimo!

Mke wangu, Justa, kauliza kama inawasha jiko. Nikamweleza kwa upole. Ulaya wamekataa samaki wetu, wanadai wapo wanaovua kwa sumu ya wadudu wa pamba. Kiwanda kimoja cha minofu huko Ilemela kinatafuta mpimaji wa sumu. Mmoja tu! Usaili Ijumaa. Nami tangu nipunguzwe kazi maabara ya sabuni, mwaka wa tatu huu, napima chumvi ya mboga tu.

Nimesoma gazeti la sayansi. Leza ikiipiga molekuli kwa mipigo mifupi kuliko kufumba na kufumbua, mwanga unarudi umebadilika rangi kidogo, na kila molekuli ina alama yake. Sumu haina pa kujificha! Justa kasema haya, Baba Selina, mradi usimulike wageni.

Jumatano, 14 Aprili

Mashine tayari! Boksi la viatu, leza, kioo cha pembe tatu. Nikammulika sato wa mchana. Doa jekundu. Nikammulika Justa. Doa jekundu. Nikarudi kwa sato. Paka akalirukia doa, akatua juu ya sato, akamla. Hadi jioni paka mzima! Kwa hiyo sato alikuwa safi, na mashine imefaulu.

Justa anadai aliyepima ni paka. Wivu wa kitaaluma.

Mshindani wangu ni Ndalahwa, muuza samaki wa mwaloni, kule mitumbwi inakoshushia samaki. Cheti hana. Humweka samaki mezani, akangoja inzi. Wakitua, safi. Wakigoma, sumu. Inzi! Mwaka wa tisini na tisa!

Ijumaa, 16 Aprili

USHINDI! Meneja, Mzee Shigela, kaweka sangara watatu mezani. Inzi wakaanza kutua kwenye kioo changu. Mtaalamu hujiandaa: nilikuwa na kopo la dawa ya inzi mfukoni. Pyuu, pyuu! Kimya. Nikamulika, nikatangaza: Mzee, wote safi!

Zamu ya Ndalahwa. Akangoja inzi. Hakuna hata mmoja. Akainama, akanusa, akasema wote wana sumu. Nikacheka, nikamwambia kaka, kanuse pamba. Mzee Shigela hakucheka. Majibu Jumatatu. Wakubwa huficha furaha yao.

Jumatatu, 19 Aprili

Niandike kweli tupu, maana Justa hasomi daftari hili. Sangara waliletwa safi kabisa, mboga ya wafanyakazi. Aliyewatia sumu ni mimi. Ndalahwa aliigundua, kisha siku ile ile akaonyesha kwa kidole mfuko wangu uliotuna. Wafanyakazi walikula ugali kwa chumvi. Na leza yangu? Doa tu. Mwanga ule uliobadilika ni hafifu mno, kuunasa kunataka mitambo ya kujaza chumba. Gazeti lilisema hivyo ukurasa wa pili. Mimi niliishia wa kwanza.

Kazi kapata Ndalahwa. Lakini nami nimeajiriwa! Mzee Shigela kasema aliyechafua meza aisafishe, kila siku, akanipa ndoo na koti jeupe. Koti jeupe! Maabara! Justa kacheka mpaka kakaa chini, kisha kalipiga pasi mara mbili.

Sharti moja: nisiingie na kopo la kupulizia. Sawa kabisa. Sabuni inachelewesha kazi, hivyo asidi ya betri ya kusugulia meza nitaibeba kwenye chupa ya soda.