Mzee Okumu kwa Nyeusi na Nyeupe

Jumatatu, 8 Septemba

Nimeamua. Lazima nikalie lile kochi.

Kochi ni la Mzee Jackton Okumu, karani mstaafu wa reli, nyumba ya pili kutoka langoni katika korti yetu ya nyumba hapa mtaa wa Tena, Nairobi. Kochi lenyewe si kitu. Anayelikalia jioni ndiye kitu: Carolyne, binti yake. Nampenda Carolyne mpaka nasahau kula, na mama yangu anajua kwamba Kisilu wake akisahau kula mambo yameharibika. Lakini mpaka leo Mzee hunisemesha kupitia mlango wa grili. Yeye ndani, mimi nje, utadhani nimekuja kusoma mita ya stima. Huniuliza kama nimepata kazi. Namwambia mimi ni mbunifu wa tovuti. Hujibu kuwa haya, nikipata kazi nimjulishe.

Sasa Mungu si Athumani. Mzee anagombea uenyekiti wa wakaazi! Kura ni Jumapili baada ya kanisa. Mpinzani wake ni Muturi, yule anayeegesha gari mbele ya jaa la taka halafu analalamika kuwa watu wanatupa ovyo. Nimemwahidi Carolyne kumtengenezea babake ukurasa wa kampeni ambao Tena haijawahi kuona. Amesema babake akishinda, atahakikisha nimekaribishwa chai. Ndani! Kwenye kochi!

Tatizo ni Sylvance, mwenye saiba pale langoni, anayechapia watu barua na kutoa kopi. Naye amejitolea. Eti atachapisha bango. Picha, jina, ahadi. Bango, katika zama hizi! Na nimeshaona anavyomtolea Carolyne kopi polepole makusudi.

Jumanne, 9 Septemba

Carolyne ameniletea picha ya babake. Suti, tai nyekundu, uso wa mtu aliyeambiwa asicheke. Ilipigwa siku ya kustaafu. Nimeipokea kwa mikono miwili.

Kazi imeanza. Vivinjari vya siku hizi, vile vya kufungulia tovuti, vina maajabu! Zamani ulihitaji mlima wa msimbo ili kitu kitikisike. Sasa mistari michache tu na ukurasa mzima unapumua. Nimefanya hivi: ukifungua, Mzee anatokea kwa nyeusi na nyeupe, mtulivu, kama historia yenyewe. Ukisogeza ukurasa kwa kidole, rangi zinaanza kumwingia. Kwanza tai, kisha uso, kisha dunia nzima. Nyuma ya kichwa nimeweka mwangaza laini. Kutoka juu yanadondoka maua meupe, moja moja, yakijizungusha.

Nimeutazama kwenye laptopu yangu mpaka machozi yakanilenga. Mimi ni hatari.

Nimempelekea Sylvance aone, ili aumie. Ametazama, amekuna kidevu, amesema, "Buda, hii inakaa ya matanga." Kisha akaniuliza kama nimeijaribu kwenye simu ya zamani. Nimemjibu kuwa sanaa haijaribiwi. Wivu huo! Mwenye wivu hajinyongi, anaendelea kutoa kopi.

Jumatano, 10 Septemba

Nimekwenda kwenye grili kuchukua maelezo. Mzee alikuwa na mengi. Maji yanayokuja siku yanayotaka. Taka. Taa za barabarani. Kisima kilichochimbwa na hakina pampu. Alisema nukta kwa nukta, kidole kikitoka nje ya grili, nami nikaandika kila kitu.

Shida ni kwamba maneno yanafunika maua. Nimeweka maji, maua yakajificha. Nimeweka taka, mwangaza wa kichwani ukapotea. Nimejiuliza: mpiga kura atakumbuka nini, pampu au uzuri? Nimefuta pampu. Nimefuta maji. Baada ya chakula cha mchana nimefuta taa na taka pia. Yamebaki yale ya maana tu: jina kamili kwa herufi za dhahabu zinazojitokeza taratibu, miaka yake ya reli, 1981 – 2019, na chini yake maneno niliyotunga mwenyewe: Alituhudumia kwa uaminifu.

Mafupi. Yanachoma moyo. Sylvance angeandika nambari ya simu.

Alhamisi, 11 Septemba

Siku kuu! Mzee hana simu ya kufungua ukurasa. Yake ni mulika mwizi, ya vitufe, na tochi. Carolyne yuko zamu ya usiku kwenye kiwanda cha mikate kule Viwandani, ambako simu zinaachwa kwa askari. Mama Carolyne yuko Siaya kwa mavuno. Kwa hiyo hakuna wa kuniharakisha wala kunisahihisha. Jioni, Mzee akiwa ameshalala (hulala mapema na kuku), nimetuma kiungo kwenye kundi la WhatsApp la wakaazi.

Kimya. Nimeifungua simu tena.

Kisha mikono ya maombi. Kisha mikono mingine ya maombi. Kisha nyuso za machozi, foleni nzima! Watu wameguswa. Sikutarajia Tena kuwa na watu wenye kuelewa sanaa kiasi hiki. Mama wa duka la pembeni ameandika kwamba hana maneno. Mwingine ameandika kuwa Bwana alitoa. Ni watu wa dini, siwezi kuwalaumu. Kuna aliyeuliza mipango ikoje. Nimemjibu kwa fahari kwamba mipango yote iko tayari, Jumapili baada ya kanisa, waje kwa wingi.

Lakini kilele ni Muturi. Muturi mwenyewe! Ameandika kuwa Mzee Okumu alikuwa mtu wa watu, kwamba tofauti zao zilikuwa ndogo, na kwamba ugombeaji sasa hauna maana. Amesalimu amri! Ukurasa mmoja tu, na adui ameweka silaha chini.

Nimelala nikitabasamu. Nimeota kochi.

Ijumaa, 12 Septemba

Uwii.

Asubuhi nimeamshwa na vishindo vya vyuma. Vijana wanasimamisha turubai mbele ya nyumba ya Mzee. Viti vya plastiki vinashushwa. Kina mama wanafika na unga, sukari na chupa za chai. Nimejisemea, mkutano wa kampeni! Watu wamejipanga wenyewe bila hata kuombwa! Nimekimbia kusaidia kupanga viti. Nimewaambia wote wakae mbele. Jamaa mmoja amenishika mkono kwa muda mrefu, akasema pole. Nimemwambia kazi kidogo tu, asijali.

Muturi alikuwa amesimama, koti jeusi, anahutubia. Akasema kisima kilikuwa wazo la Mzee Okumu, si lake kama alivyozoea kudai. Akasema mtaa umepoteza mwenyekiti bora ambaye ungekuwa naye. Nikapiga makofi. Nilikuwa peke yangu.

Hapo ndipo alipoingia Shangazi Adhiambo, dada yake Mzee, kutoka Makadara. Sauti yake ilitangulia, mwili ukafuata. Leso imefungwa kiunoni, mikono kichwani, anakimbia kuelekea mlangoni akimuuliza ndugu yake amemwachia nani. Akaishika grili, akaitikisa.

Grili ikafunguka. Mzee Okumu. Taulo kiunoni, mswaki mdomoni, povu mpaka kidevuni.

Shangazi akaanguka. Waimbaji wa kanisa, waliompokea Muturi kwa wimbo, walikuwa wamefika kwenye ubeti wa pili, wakakwama hapo hapo. Mtu mmoja akaruka ua na kuacha viatu. Mzee akatema povu, akatazama turubai, akatazama viti, akauliza nani amekufa.

Kina mama wakaanza kumiminiana chai.

Simu yake ikalia. Mama Carolyne, kutoka Siaya, akilia, anatafuta mtu yeyote wa nyumbani. Mzee akapokea, akasema haloo. Mama Carolyne akapiga ukemi na kukata. Akapiga tena. Mzee akapokea tena.

Mwishowe mtu akamwonyesha ukurasa. Ameutazama sana. Ameyatazama maua yakidondoka. Kisha akainua macho na kutafuta katika umati, na macho yale yalijua yanamtafuta nani. Nilikuwa chini ya meza ya chai.

Jambo moja nililiona nikiwa huko chini. Kabla ya kurudi ndani kuvaa, Mzee alimwendea Muturi, akamwomba arudie tena ile sehemu ya kisima, kwa sauti.

Jumamosi, 13 Septemba

Grili ina kufuli la pili. Nimelihesabia kuwa ni langu.

Carolyne amekuja mpaka kwetu. Sijawahi kumwona hivyo. Hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Amesema alitoka kazini, askari akamrudishia simu, akasoma rambirambi za babake akiwa amesimama kando ya barabara na sare ya kiwanda. Akasema alikaa chini hapo hapo, kwenye vumbi. "Kisilu, nilikaa chini, unaskia?" Halafu akaondoka. Nimejisikia vibaya sana. Sijapata kujisikia vibaya hivyo, na sikuweza hata kula, safari hii bila raha yoyote.

Sylvance naye hakukosa kutokea. Ameomba simu ya mama yangu, ile ya zamani yenye kioo kilichopasuka, akafungua ukurasa. Mzee akatokea kwa nyeusi na nyeupe. Nikasogeza kidole. Nyeusi na nyeupe. Nikasogeza tena mpaka mwisho. Rangi haikuja kabisa! Sylvance akaeleza kuwa vivinjari vya zamani havilijui hili la rangi kufuata kidole, vinabaki pale unapoanzia. Ndiyo maana mtu huanza na kilicho salama, mapambo yakaja juu kwa wenye simu mpya. Akasema karibu nusu ya mtaa una simu kama ya mama.

Maua yalidondoka vizuri, lakini. Kwenye kila simu. Hilo hakulitaja.

Jumapili, 14 Septemba

Siamini ninachoandika.

Mzee ameshinda! Muturi alijaribu kugombea, lakini kila alipofungua mdomo mtu alimkumbusha alichosema chini ya turubai. Amejitoa kabla ya mikono kuinuliwa. Watu walimpigia Mzee vigelegele, na wengine walimgusa bega wakipita, kuhakikisha.

Kisha Mzee akasimama. Akasema ameishi Nairobi tangu ujana wake, na hakuna siku mtaa uliwahi kumwambia jambo zuri usoni. Akasema wazee wenzake wote walisifiwa wakiwa hawasikii, yeye peke yake amesikia yote, akiwa na mswaki. Akacheka. Mzee Okumu! Nilifikiri meno yale ni ya kung'atia tu. Mzee akaniita kwa jina, mbele ya wote, akaniambia nifike nyumbani.

Kufuli la kwanza. Kufuli la pili. Ndani!

Kochi lina vitambaa vya kufumwa, vyeupe, mgongoni na mikononi. Nimeketi kwenye ukingo tu, nisivipinde. Mama Carolyne, aliyerudi jana kwa basi, alinimiminia chai. Mzee aliniuliza kama nimepata kazi. Carolyne akasogeza sahani ya mandazi upande wangu. Alipoona sichukui, akaisogeza tena. Nikajua bado nipo.

Ana sharti moja. Nisiguse tena picha ya babake. Milele. Nimeapa kwa jina la mama yangu, na nilimaanisha kila neno. Nina furaha!

Jumatatu, 15 Septemba

Nimesikia kuwa Sylvance ametakiwa kutengeneza ukurasa wa Mzee wa kushukuru wapiga kura. Sylvance! Ataweka picha, neno asante na nambari ya simu, kisha ataalikwa chai, na kochi ni la watu watatu tu.

Haiwezekani.

Kiapo nimekichunguza kwa makini. Nilikatazwa kugusa picha. Sitaigusa. Nitagusa yaliyo nyuma yake tu. Tena kosa la kwanza nimelielewa sasa: ilikuwa rangi. Safari hii rangi zote tangu mwanzo, tai nyekundu inawaka. Nani atamlilia mtu mwenye tai nyekundu namna hiyo? Nyuma yake nimetandaza mawingu. Ukisogeza ukurasa, mawingu yanafunguka, mwanga unashuka kutoka juu, na Mzee anapaa taratibu, taratibu, mpaka anaingia ndani ya mwanga. Ushindi! Kupanda cheo! Chini, kwa herufi za dhahabu, kuonyesha kuwa kampeni imekwisha: Safari Imekamilika. Asanteni kwa Yote.

Na ushauri wa Sylvance nimeuzingatia, mimi si mkaidi. Kwa simu za zamani zisizojua kupandisha, nimehakikisha Mzee anaanza akiwa ameshafika juu, mawinguni, salama.

Nimeutuma kundini jioni hii, Carolyne akiwa kazini, ili akitoka asubuhi akute raha. Mikono ya maombi imeanza. Muturi ameuliza kama safari hii ni kweli. Shangazi Adhiambo ameandika kutoka Makadara kwamba yuko njiani.

Anakuja kupongeza. Namwendea Mama Carolyne nimwambie aongeze maji ya chai.