Mzee wa Getini Kwangu

Leo nimepatikana. Tena nimeumbuliwa na kifaa nilichokitengeneza kwa mikono yangu mwenyewe, mbele ya baba yake Rebeka, msichana ninayetaka kumwoa.

Nawaandikia ninyi tuliosoma pamoja Bulgaria kwa sababu hapa Musoma habari imeshafika sokoni, na sokoni hawaielezi kitaalamu.

Mnanijua. Nimerudi na diploma ya umeme. Nimejenga hapa mjini, mtaa wa Kigera, bila msaada wa ukoo (vyumba vitatu, bati jipya, sakafu ya saruji), wakati wengine bado wanasimulia jinsi walivyopanga foleni ya sabuni. Sasa maduka yamejaa, vyama vingi vimeruhusiwa, kila mtu anajisemea. Nikajiuliza: kama nchi nzima imeacha kusemewa na chama kimoja, kwa nini mimi nisemewe na wazee kwenye posa yangu? (Bado naona ni swali zuri.)

Basi nikaipeleka posa mimi mwenyewe, kijijini kwao Mugeta. Mzee Mafuru, baba yake Rebeka, hakuniacha hata nimalize. Aliuliza kama mimi nilizaliwa au niliokotwa. Rebeka akambembeleza, akambembeleza, mpaka akakubali kuja leo kuona ninakoishi. Akiridhika, posa inapokelewa. Asiporidhika, nisikanyage tena Mugeta.

Nikaamua kumwonyesha mwaka elfu mbili kabla haujafika. Getini nikaweka kengele. Ukiibonyeza, redio kaseti iliyoko ndani inaanza, na kipaza sauti cha ukutani kinakukaribisha kwa sauti yangu. Kinanyamaza ujibu. Kinakuuliza habari za safari, kinanyamaza tena, kisha kinasema kimefurahi. Umeme ukikatika, swichi yangu inahamia yenyewe kwenye betri. Umeme ukirudi, inarudi yenyewe. Mkoa huu hakuna mwingine mwenye swichi kama hiyo.

Kaseti tupu sikuwa nayo. Nilirekodi juu ya ile ninayojirekodi jioni nikiongea peke yangu: mambo ya siasa, watu wa sayari za mbali, na maajabu ya kawaida, kama kwa nini mbuzi wa Musoma wanaacha nyasi na kwenda kulala katikati ya lami. Salamu zikachukua mwanzo wa kaseti. Mengine yakabaki. (Sikuona tatizo. Nani atasimama getini muda wote huo?)

Leo asubuhi umeme ukakatika. Betri zilikuwa zimechoka, nikazianika juani juu ya bati kama alivyokuwa akifanya bibi yangu. Ndiyo, mimi na diploma yangu. Zikapata joto, zikapata nguvu kidogo. Kidogo sana.

Wakafika. Mzee Mafuru mbele, koti na fimbo, Rebeka nyuma. Mimi nilikuwa dirishani nikingoja kushangiliwa. Rebeka akabonyeza kengele.

Kaseti ikaanza, lakini betri hazikuweza kuizungusha sawasawa. Sauti yangu (nyembamba, mnaijua) ikatoka polepole, nzito, ya kukwaruza, kama ya mtu wa miaka tisini aliyeamshwa usingizini.

"Kaaaribuuu saaana."

Mzee Mafuru akavua kofia. "Shikamoo, baba."

Kimya. Kile kile nilichokipanga mwenyewe. Kisha ukuta ukamuuliza habari za safari. Akajibu kwa utulivu: safari njema, vumbi tu kuanzia Bunda, ng'ombe wazima, mvua bado. Akamaliza, na ukuta ukamwambia umefurahi kusikia hivyo. Kisha betri zikaisha kabisa, kaseti ikasimama.

Akamgeukia Rebeka. "Unaona? Vijana wa mjini wanakuwaga hawana mtu. Huyu kumbe ana mzee, tena mwenye adabu."

Hapo nikatoka nje mbio nikiwa na nia kamili ya kusema ukweli. Rebeka, anayeijua mashine yangu, alikuwa amenikazia macho huku kanga iko mdomoni. Lakini mzee akanipa mkono kwa mara ya kwanza tangu anifahamu, akauliza huyo aliyeko ndani ni nani wangu. Nikausikia mdomo wangu ukijibu kwamba ni baba mkubwa, miguu imemwishia nguvu, hatoki nje.

"Basi asisumbuliwe," akasema. "Nitaongea naye hapa hapa. Wewe kaa pembeni, haya ni ya watu wazima."

Nikakaa pembeni. Getini kwangu mwenyewe!

Mzee akausogelea ukuta, akainamisha kichwa. "Mzee mwenzangu, nina swali moja tu. Huyu kijana wako anaheshimu wakubwa?"

Umeme ukarudi.

Swichi ikafanya kazi yake. Kaseti ikashika mwendo, na sauti yangu halisi, nyembamba, kali, ikatoka kwa nguvu zote:

"...na kwenye sayari hiyo wazee wote wamepewa mwezi wao wa kuishi huko juu, wanapiga soga huko. Anayetaka kuoa anaoa. Baba mkwe akiwa na neno, anaandika barua, na atajibiwa baada ya uchaguzi mkuu."

Mzee Mafuru akaitazama spika. Akanitazama mimi. Kaseti ikaingia kwenye habari za mbuzi.

Nikakimbilia ndani kuizima. Niliporudi Rebeka alikuwa amekaa chini kwenye vumbi, anacheka mpaka anafuta machozi. Baba yake hakucheka. Alikuwa anavaa kofia.

"Yule mzee wa kwanza nilimpenda," akasema. "Mtafute, umlete Mugeta. Na wewe uje, lakini usiseme."

Kesho nakwenda Butiama kwa baba mkubwa wa kweli, mwenye miguu yake yote miwili, yule ambaye siku niliyorudi kutoka Ulaya nilimwambia kwamba zama za kusemewa zimekwisha. Namjua. Ataniomba nirudie maneno hayo, tena polepole. Nitarudia. Rebeka anasema atanisubiri, ila niichome kaseti. Nitaichoma.

Chekeni basi. Lakini mkimaliza mkumbuke jambo moja: umeme ulikatika, umeme ukarudi, na swichi yangu haikukosea hata mara moja.