Siku Tisini za Mama Marja

Jumatatu, 2 Juni

Ukungu, baridi kali, akili yangu moto. Nimefanikiwa! Mama Marja amekubali kubadili tiketi. Alikuwa aruke Ijumaa tarehe 6; sasa ataruka Jumanne tarehe 10. Maana yake Jumapili ya Pentekoste, misa ikiisha, atakata utepe wa nyumba yangu ya wageni mbele ya kijiji kizima cha Nambis. Mwalimu mstaafu kutoka Ufini, mgeni wangu wa kwanza na hadi sasa wa pekee. Tena ameahidi kurudi Januari na wenzake kumi na wawili wanaopenda kutembea milimani. Kumi na wawili! Nyumba ina vitanda vitatu. Hilo nitalifikiria Desemba.

Aliniuliza, kwa upole wake, kama viza inaruhusu. Nikamkumbusha kwamba nina shahada ya uhusiano wa kimataifa. Akatulia. Karatasi ya viza nimeiona kwa macho yangu: tarehe 24 Juni. Nimetoa nakala, nimeipigia mstari mwekundu, nimeibandika ukutani. Nyumba ya kisasa huonekana kwa karatasi zake.

Jumatano, 4 Juni

Siku imeharibika. Perpetua amepita. Tulisoma naye sekondari. Mimi nilikuwa wa kwanza darasani, yeye wa thelathini na moja, na leo ana kambi ya wageni kule Gendabi, chini ya Mlima Hanang, yenye vyoo vya kuvuta maji. Dunia haina adabu. Alikuja na kaka yake Evarist kwenye ile Noah yao, eti kunisalimia.

Akaiona karatasi ukutani. Akasogea. Akasema, "Msomi, hii si tarehe ya kuondoka. Ni tarehe ya mwisho ya kuingia nchini. Siku za kukaa zinahesabiwa kwenye muhuri wa pasipoti." Nikamwambia asante, nalijua hilo. Sikulijua. Akaongeza kuwa kambini kwake kuna ubao, kila mgeni na siku yake ya kutoka, hata mpishi anazijua kwa kichwa. Nikauliza kama mpishi naye ana shahada. Evarist akageuka ukutani acheke.

Walipoondoka nikamwomba Mama Marja pasipoti, kwa ajili ya kumbukumbu. Muhuri: ameingia 10 Machi, siku tisini. Moyo ulishuka hadi kwenye mabuti. Lakini hesabu ni hesabu. Nikakaa jikoni na Mama yangu, kalenda ya parokia mezani, punje za mahindi pembeni.

Mama akauliza mgeni alilala wapi alipoingia nchini. Arusha, siku mbili. Basi huyo bado alikuwa njiani, akasema Mama. Hapa alifika tarehe 12. Na siku ya kufika kwetu haihesabiwi kamwe. Mgeni anafika na vumbi, hajaoga, hajala, hajaulizwa habari za kwao. Utamhesabia nini mtu wa hivyo? Siku yake ya kwanza ni ile anayoamka. Bibi alihesabu hivyo, na mama yake bibi.

Kwa hiyo tukaanza tarehe 13 Machi. Punje baada ya punje. Siku ya tisini: Jumanne, 10 Juni! Siku ileile ya ndege! Nimerudia mara tatu. Nimelia kidogo.

Alhamisi, 5 Juni

Nimempigia Perpetua kumjulisha matokeo, kwa unyenyekevu. Nikamweleza mbinu hatua kwa hatua. Kimya. Nikadhani mtandao. Kumbe alikuwa ameweka simu chini acheke kwa nafasi. Aliporudi akasema afisa wa mpakani hajali mgeni ameoga lini. "Efra, mtoe huyo mama. Akizidisha siku anaweza kutozwa faini na kubaki na doa, na Januari usimwone."

Nikamwambia huo ni wivu wa utepe. Nikakata simu. Kisha nikakumbuka kwamba viti vya Jumapili vilikuwa vitoke kwake.

Nimejiuliza kwa dhati: je, mimi ni mtu anayeogopa ukweli? Nimejibu hapana. Haraka.

Utepe umepatikana: kipande cha sare ya kwaya. Babu Akonaay akauliza kwa nini tunafunga mlango kwa kitambaa halafu tunamwita mgeni aje akikate. Si asukume tu? Shahada haikufundisha hilo.

Ijumaa, 6 Juni

Mama Marja ameipigia ofisi ya uhamiaji mwenyewe! Bila kunishirikisha! Nilikuwa nakamua. Akaja zizini akiwa mweupe kuliko maziwa. Ameambiwa siku muhuri unapogongwa ndiyo siku ya kwanza, hata ukigongwa jioni. Siku ya tisini ni kesho.

KESHO!

Nikapendekeza tumwelezee afisa hesabu ya vumbi. Akaniangalia kama walimu wanavyoangalia. Hakupandisha sauti. Alisema tu kwamba ana miaka sitini na nane, hajawahi kuvunja sheria ya nchi yoyote, na Januari angependa kurudi kwetu bila kuinamisha kichwa dirishani kwa afisa. Afadhali angenitukana. Ng'ombe akapiga ndoo teke. Hata yeye.

Ndege za kesho zimejaa. Njia ni moja: barabara hadi Namanga, avuke aingie Kenya, akapande ndege Nairobi. Gari je? Hapa kuna pikipiki, na trekta la Sulle lisilo na breki. Nikampigia Perpetua. Nilikuwa nimepanga maneno yenye hadhi. Yakatoka: "Perpetua, nakufa." Hakucheka, na hilo liliniuma zaidi. Akasema saa moja asubuhi yeye na Evarist watakuwa mlangoni. "Na mgeni awe tayari. Msituletee shughuli zenu."

Saa moja. Jua linatoka kabla ya hapo. Uzinduzi utafanyika saa kumi na mbili na nusu! Dakika thelathini zinatosha kabisa.

Jumamosi, 7 Juni

Uzinduzi umefanyika. Waliohudhuria: Mama, Babu Akonaay, jirani yetu Hilda aliyekuja kuazima ungo, na ng'ombe wawili. Padri aliomba radhi. Ukungu ulikuwa mzito hata utepe haukuonekana. Mama Marja alianza kwa kukata kamba ya kuanikia nguo. Hilda akapiga makofi. Nikatoa hotuba ya kurasa nne. Kwenye ukurasa wa pili, honi. Kwenye wa tatu, Perpetua akabeba begi la mgeni akaenda nalo garini.

Hapo Mama yangu akasimama mlangoni. Mgeni haondoki kwake na tumbo tupu. Loshoro, mahindi yaliyopikwa na kuchanganywa na maziwa mgando. Bakuli la kwanza. La pili. Kisha kuku, hai, amefungwa miguu, maana mgeni haondoki mikono mitupu pia. Perpetua akainama, "Shikamoo Mama. Tunakuomba sana, siku zake zinaisha leo." Mama akajibu, "Marahaba mwanangu. Basi ale upesi."

Tukatoka saa mbili na nusu. Mimi nyuma, na kuku. Mama Marja mbele, pasipoti mkononi, akiisoma tena na tena kana kwamba tarehe zingemhurumia. Tulipofika Makuyuni, kuku akafunguka. Evarist akasimamisha gari, tukamsaka chini ya viti dakika ishirini. Perpetua akaniambia, "Msomi, shahada umeishika mkono upi? Ule mwingine shika kuku."

Namanga saa kumi jioni. Mama Marja akaenda dirishani. Afisa akafungua kalenda, akahesabu kwa kidole. Akapoteza hesabu. Akaanza upya! Mwisho akasema, "Mama, leo ni ya tisini. Karibu tena Tanzania." Akagonga muhuri.

Mama Marja akalia, akamkumbatia Perpetua kwa mikono yote miwili. Mimi, kwa mmoja. Kuku hakuruhusiwa kuvuka. Ataishi Gendabi.

Afisa, aliyekuwa ameiona tiketi ya Jumanne ndani ya pasipoti, akauliza nani alikuwa amemshauri mgeni akae hadi siku hiyo. Perpetua akanifinya. Sikuelewa kwa nini. Nikajitokeza mbele, nikatoa jina kamili, namba ya simu, mahali ilipo nyumba, na wadhifa: Mshauri Mkuu wa Viza. Akaandika kila kitu. Hata akaniomba nirudie wadhifa polepole. Ni nadra kukutana na mtu makini hivyo.

Jumatano, 11 Juni

Mama Marja amefika kwao salama. Ameandika: atarudi Januari na wale kumi na wawili. Watafikia kambini kwa Perpetua, ila siku moja watapanda Nambis kunywa chai kwangu. Watu kumi na watatu! Mkakati umefaulu kabisa.

Na kubwa kuliko yote. Leo saa nne simu imeita. Ofisi ya uhamiaji ya mkoa! Sauti nzito, ya kiofisi. Taarifa zangu zimewafikia kutoka mpakani. Wanataka nifike Babati Ijumaa saa tatu kamili, na kitambulisho, leseni, kibali cha kulaza wageni na daftari la wageni, nieleze kazi hii ya ushauri naifanya kwa ruhusa ya nani.

Usaili!

Miaka miwili nimepeleka barua za maombi kila ofisi ya mkoa huu. Hakuna aliyejibu. Leo serikali imenitafuta yenyewe. Leseni sina, kibali sina, daftari sina, lakini usaili ni kujieleza, na kujieleza naweza.

Perpetua amesema nisiende peke yangu, anisindikize, na nisiseme chochote kabla yeye hajafika. Wivu tena! Nitapanda pikipiki hadi barabara kuu, nidake basi la mapema nimtangulie.

Nilimwuliza yule afisa aliyepiga simu shughuli itachukua muda gani. Akasema itategemea majibu yangu, ila nisipange jambo lingine siku hiyo. Sketi nimeipiga pasi. Nimefungasha nguo za wiki nzima na shuka. Nimemuaga Mama. Huenda wakataka nianze kazi hapohapo.