Nilipokelewa na ngoma ku kilio ya muzee wa bantu

Bandugu, leo haya imenimaliza. Kabisa. Naandika hii nikiwa nimekaa ku kiti ya plastiki, katikati ya bantu benye sijui hata majina yao, na kila mwenye kupita ananishika bega anacheka.

Munajua vile nilijivuna mbele yenu humu. Miye, fundi cherehani wa Kamalondo, mu Lubumbashi, nitatembea na miguu mpaka Kasenga! (Nani alinituma? Baba ya Nadège, binti mwenye nataka kuoa. Alisema: "Huyu anachoka hata akienda kununua nyuzi." Nikakasirika. Njo hii sasa.)

Leo siku ya kwanza, nilipaswa kulala kwa baba mukubwa wa Nadège, kaka ya baba yake, mu kijiji kimoja ku barabara ya Kasenga. Hatujaonana hata siku moja. Na njo yeye atakaa mbele siku ya kuongea mambo ya ndoa. Akikataa, imekwisha. Nadège alinikanya: "Ukifika, salimia polepole, angalia chini, usiongee mingi. Mukwe ni heshima."

"Chérie, unanijua," nikamujibu. (Njo shida yenyewe.)

Asubuhi natoka. Kaptula ya kaki yenye nilishona miye mwenyewe, sosete mpaka magoti, kofia kubwa ya kaki, fimbo, mufuko ku mugongo. Nilikuwa muzuri, franchement! Ku Naviundu, kwenye muji unaishia, ningali naimba. Kisha muguu ya kuume ikaanza kuuma. Viatu vipya! Saa ya muchana nilikuwa nachechemea, bamama benye kubeba makala bananipita, mumoja ananiuliza: "Papa, tukubebe?" Nikasema hapana, na sauti ya muntu anataka kulia.

Alasiri nafika. Naona nini? Bâche, turubai ya bleu, pembeni ya njia. Viti ya plastiki mingi. Bamama banapika bukari, ugali yetu, mu masufuria makubwa. Kijiji muzima imekaa kimya. (Muntu yeyote wa Lubumbashi, hata mutoto, akiona bâche na viti na masufuria, anajua ile ni kilio. Miye niliwaza: yo, baba mukubwa amenifanyia fête!)

Nikajikaza. Nikavua kofia, nikaipeperusha juu.

Mama mumoja akapiga kelele: "Mama yangu! Ni yeye kabisa!"

Bantu bote bakasimama. Bakacheka mpaka bakashika matumbo. "Angalia sosete!" "Hata muguu, anaivuta kama yeye!" Ngoma ikalia. Na miye ngoma ikilia sijui kukataa. Nikacheza, fimbo juu, mufuko inaruka ku mugongo. Nikatoa na hotuba: "Bandugu, asante kwa kunipokea! Lakini ni mingi sana, hata sijafika kule naenda!"

Bakaanguka chini.

Mama muzee akatoka mu nyumba, kitambaa ku kichwa, macho mekundu. Akanishika sikio. "Uliniacha peke yangu, sasa unarudi kutafuta chakula?" Analia, anacheka, anavuta sikio. Niliwaza: huyu anagombana na nani? Njo nikaangalia nyuma yake. Meza. Mishumaa. Picha ya muzee mumoja mwenye kofia ya kaki, kaptula, sosete mpaka magoti, na fimbo.

Eeh, Mungu wangu.

Munajua kwetu: muzee akikufa, bajukulu njo bako na ruhusa ya kuchekesha bantu ku kilio. Banavaa kama yeye, banatembea kama yeye, banagombeza bantu kama yeye. Bote balifikiri miye niko mujukulu aliyetoka mujini na nguo tayari.

Muzee mumoja wa koti, mwenye alikuwa anapanga viti, akanikaribia anajifuta machozi ya kucheka. "Umetufurahisha, mutoto. Weye ni mujukulu wa nani?"

"Hapana, papa. Niko... niko wa Nadège."

"Nadège gani?"

"Wenu, papa."

Kicheko yake ikakatika. Njo yeye, baba mukubwa! Marehemu alikuwa jirani yake.

"Mukwe," akasema polepole. "Mukwe anacheza mbele yangu. Ku kilio."

Nikapiga magoti, nikaangalia chini. (Sasa njo nakumbuka!) Akatoa telefone, akaenda pembeni. Nilisikia tu: "Mudogo wangu, ule bwana yenu amefika... Amefika vibaya." Nikaanza kuaga ndoa yangu mu roho. Niliumia, sibadanganyi. Nampenda ule mutoto.

Lakini mujane, ule mama wa kunivuta sikio, akamufuata, akasimama mbele yake. "Tangu bwana yangu akufe, leo njo mara ya kwanza nacheka. Huyu hatoki hapa. Kesho atatembea mbele ya sanduku, na ile kofia yake."

Baba mukubwa akarudisha telefone mu koti. "Umesikia? Mambo ya Nadège tutaongea kisha kuzika. Na utembee muzuri."

Basi, Kasenga ingojee. Kesho nazikisha muzee mwenye sikumujua, mbele ya baba mukwe mwenye hataki kunijua. Mwenye kutaka kucheka, naomba, angojee kwanza banipe bibi wa kuoa.