Nguzo Isipite Kyimo

Jumatatu, 7 Juni 1999
Ukungu tangu asubuhi. Nyumba kimya. Nimepika ndizi za watu wawili tena, nikala za mmoja. Mke wangu Tupokigwe alipokuwa hai, jioni majirani hawakukosekana hapa na chungu hakikulala na kitu. Sasa wote wanakwenda dukani kwa Kasim kuangalia televisheni. Hata waliobeba jeneza lake. Nimeamua. Nitatafuta televisheni yangu. Watarudi.

Jumatano, 9 Juni
Televisheni ipo. Betri ya gari ipo. Picha hakuna, chenga tupu. Kasim alipita, akaniambia, mzee, hiyo inaonyesha mvua, na mvua tunayo ya kutosha. Antena iko chini mno. Uani kuna mlingoti, mkaratusi mrefu alioupanda marehemu mwaka tuliooana. Ulipoanza kumzidi aliutia alama kwa panga, usawa wa utosi wake, akasema mti umemdharau. Nitafunga mwanzi kileleni, na antena juu ya mwanzi.

Alhamisi, 10 Juni
Mimi mtu wa sheria. Kabla ya kufunga nimemuuliza Meshaki, msimamizi wa kiwanja kidogo cha ndege ng'ambo ya migomba yangu. Zamani tulilisha ng'ombe pale. Tangu mashamba ya chai yapate wenyewe wapya, ndege inawaleta. Meshaki alikuwa anatafuna hindi la kuchoma. Akasema nguzo ruksa, ila isipite Kyimo. Nikamshukuru. Kyimo iko mbali, kule barabara ya Mbeya. Nguzo yangu haina safari.

Jumamosi, 12 Juni
Picha imetokea. Msomaji wa habari ana pua mbili, lakini anaeleweka. Sebule imejaa. Esnath, dada wa marehemu, alikalia kigoda cha marehemu. Niliona vibaya, kisha nikaona vizuri. Kasim naye alikuja kuchungulia. Akasema nguzo hiyo, ndege itaipa mkono. Wivu.

Jumatatu, 14 Juni
Ndege ilikuja, ikazunguka, ikazunguka tena, ikarudi ilikotoka na wenye chai ndani. Meshaki alifika anahema. Akauliza nani amenipa ruhusa. Nikamwambia ni yeye, na kwamba nguzo haijapita Kyimo, haijafika hata sokoni Tukuyu. Akanitazama kama mgonjwa. Akasema alisema kimo, mzee wangu, kimo, urefu, mwisho mita kumi, siyo Kyimo kwa wajomba zako. Kasim alicheka mpaka akashika ukuta.
Kisha Meshaki akapima. Hata bila mwanzi, mti wenyewe umezidi. Umezidi miaka mingi na hakuna aliyeutazama, mpaka mimi nilipoufunga antena.

Jumatano, 16 Juni
Watu wa Meshaki wameukata. Niliomba waache kisiki hadi kwenye alama. Meshaki alitaka kukataa. Akatazama kaburi la marehemu pale kwenye migomba, akawaambia wakate juu ya alama. Walipoondoka nilisimama kando ya kisiki. Alama inanifika begani. Nilikuwa nimesahau kwamba alikuwa mfupi hivyo.
Jioni chenga zimerudi. Majirani waliaga mmoja mmoja, kwa adabu, wakashika njia ya dukani kwa Kasim. Esnath alisema yeye habari za dunia zinamchosha, akabaki kumenya ndizi. Zilizopikwa za watu wawili zimeliwa na watu wawili. Sikulifikiria sana jambo hilo. Nilikuwa nafikiria antena.

Alhamisi, 17 Juni
Nimemrudia Meshaki. Safari hii nilimwomba aseme polepole, na asiwe na kitu mdomoni. Akasema marufuku kitu chochote kilichosimama kuzidi mita kumi. Nikamwomba arudie. Kilichosimama. Nimemsikia vizuri kabisa.
Njiani nikawaza. Kishada hakisimami. Kishada kinaruka, kama ndege yenyewe. Antena ni nyepesi, upepo wa Juni upo, nailoni ninayo darini. Nitakirusha Jumamosi, majirani wakiwepo. Kamba nitaifunga kwenye kisiki, pale penye alama, aishike Tupokigwe.