Karoti za Farasi Watatu

Jumatatu, 3 Machi
Farasi watatu barabarani tena, pale kwenye kona. Gari la wagonjwa limefunga breki hadi likaingia mtaroni, na ndani yake mama mjamzito! Kajifungulia hapo hapo. Mkuu wa idara yetu ya halmashauri kafoka: atakayewaondoa farasi hao ndiye msaidizi wake. Karani wa leseni kanyoosha mkono. Mimi nimenyoosha miwili.

Jumanne, 4 Machi
Karani anataka kwenda kuongea na mwenye farasi. Kuongea! Mimi nina karoti kilo tano. Nitazidondosha moja moja kutoka kwenye kona hadi zizi la halmashauri. Mke wangu kauliza, kwani huko kwao farasi hawana geti? Nimemwambia haya ni mambo ya mikakati.

Jumatano, 5 Machi
Aibu, aibu! Farasi hawakuhangaika na karoti za chini. Walifuata mfuko, na mfuko ulikuwa mgongoni mwangu. Nikaongeza mwendo, wakaongeza. Nikatimua mbio, wakaona ni mchezo. Tumefika wote wanne katikati ya mji, magari yamefungana kila upande. Askari wa barabarani kauliza kama ni wangu. Nikakana katakata. Farasi mmoja, yule mweupe, akaniwekea kidevu begani.
Askari akasema, “Basi mbona mnafanana?”
Kaniandika mimi ndiye mwenyewe.

Alhamisi, 6 Machi
Karani kaenda kwa mwenye farasi, bibi mmoja mjane. Kumbe bawaba ya geti ilikatika tangu mumewe afariki, na peke yake hawezi kulinyanyua. Karani kalifunga kwa waya na koleo. Nusu saa! Ofisi nzima imempigia makofi. Mimi pia, kwa kidole kimoja.

Ijumaa, 7 Machi
Mke wangu kanisukuma nikamwombe bibi radhi kwa kuwakimbiza farasi wake mjini. Bibi wala hakunikasirikia. Kasema farasi walikuwa wakitoka kumtafuta marehemu, aliyekuwa akienda nao njia ile kila asubuhi. Nimejifuta macho. Nimesingizia vumbi.

Jumamosi, 8 Machi
Karani kakabidhiwa meza ya msaidizi. Sawa tu. Nyuki wametanda kwenye mlingoti wa bendera ofisini. Mkuu kasema asiwaguse mtu, mtaalamu yuko njiani. Mtaalamu wa nini? Nimeazima ngazi, chandarua na debe la moshi. Akili ni nywele!